Chumba giza mchana kutwa, mama ashona kofia humo. Nipate vipi mwanga bila stima?

binti_langoni

Assalamu alaykum wajameni, poleni na joto. Mimi niko Lamu, Langoni. Nyumba ni ya marehemu babu na imejengwa vipande vipande, mbele ni ya mawe ile ya zamani ina ghorofa juu, nyuma baba akaongeza vyumba viwili vya matofali akaezeka mabati, halafu jiko la nje ndio bado la makuti. Shida yangu ni mwanga. Nyumba za jirani zimetubana kulia na kushoto, kichochoro chenyewe punda wawili hawapishani, na dirisha la nyuma ukilifungua wakutana na ukuta wa mtu. Saa nne asubuhi nje jua lachoma macho lakini ukiingia ndani wapapasa ukuta kama usiku.

Sasa mama yangu ashona kofia za vito. Wanaojua wanajua, ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, vitundu vidogo vidogo kila kimoja akizungushie uzi, na kofia moja humchukua wiki na wiki. Juzi nimemkuta ameisogeza kofia mpaka puani, ameupa mgongo ukuta ameelekea mlangoni, yuaangalia kitundu kwa jicho moja. Akikosea kimoja afumua safu nzima. Nikamuuliza mama macho yauma akaniambia macho hayana neno ni nyumba ndio imezeeka. Roho iliniuma.

Taa twawasha mchana kutwa, tokeni zaisha kama maji, na stima ikikatika kazi yalala. Nimesikia kuna watu watia chupa ya maji kwenye bati na chumba chawaka kama kuna balbu, ni kweli ama ni maneno tu? Na kile chumba cha mawe chenye ghorofa juu yake ntafanyaje maana hapo hakuna bati la kutoboa. Naomba mtu alojaribu mwenyewe anieleze.

sola_pwani

Dada nunua taa ya sola ndogo yenye betri yake, maneno yaishe. Mchana yachaji usiku yawaka.

binti_langoni

Ahsante kaka ila tulikuwa nayo, chumvi ya hapa ilizila nyaya zake mwaka haujaisha na betri ikafa. Usiku si shida, usiku mama hashoni. Nataka mchana tu, na jua liko hapo nje bure ni vile haliingii.

kaka_wa_barani

Ni kweli kabisa dada yangu na mimi ntakwambia nilivyofanya maana ninazo nne. Niko Malindi, Barani, nna stoo ya mbao na vifaa vya ujenzi haina hata dirisha moja, nilikuwa nikiingia na tochi ya simu mdomoni mikono yote miwili imebeba. Huu mwaka wa tatu tangu nizitie chupa na nimebadilisha moja tu.

Chupa iwe ya soda ya lita 2, nyeupe angavu, isiwe ya kijani wala iliyokwaruzika. Oshea ndani, toa lebo yote na gundi yake. Jaza maji safi yaliyochujwa kwa kitambaa, mimi natumia ya mvua kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi na yaacha ukungu mweupe ndani ya chupa. Halafu jiki vizibo viwili, hiyo ndio yazuia maji kuota ukijani, ukiisahau baada ya miezi chupa yawa kama dimbwi la chura na mwanga waisha. Funga kizibo kwa nguvu.

Sasa kwenye bati ndio pana kazi. Usitoboe paa kwanza. Chukua kipande cha bati pembeni, kama shubiri mbili kwa mbili, na kiwe cha MIGONGO ILEILE ya paa lako, si bapa, ili kikilala juu ya paa migongo iingiane. Chora duara mbili moja ndani ya nyingine, ya nje sawa na unene wa chupa na ya ndani iwe ndogo kwa sentimita moja hivi kila upande. Kata ile ya ndani kwa makasi ya mabati, kisha chanja meno kutoka hapo mpaka kwenye duara ya nje, meno yote uyakunje kwa juu. Hayo meno ndio yaishikao chupa. Ipitishe mpaka theluthi moja ibaki juu na theluthi mbili zining'inie chini, zungushia silikoni juu na chini bila ubahili. Ikishakauka ndio upande paani, toboa tundu la kupitisha chupa, laza kile kipande, silikoni tena pembeni mwote, misumari piga kwenye MGONGO wa bati usipige bondeni maana bondeni ndio njia ya maji.

Na kizibo kile kinachobaki juu kifunike, mimi nimevalisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Ile moja nilobadilisha ni kwa sababu sikuifunika, jua lilipasua kizibo maji yakakauka taratibu nikashangaa mbona kona ile imerudi giza.

Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi chupa moja waona kila kitu, ila kwa kushona weka mbili.

ukhti_shela

Naongezea hapo kwa silikoni maana mimi yalinikuta. Nilimuita fundi akaniwekea saa saba mchana, bati lawaka moto, halijapanguswa vumbi, yeye apaka tu. Ilikuwa nzuri sana wallahi, mpaka mvua za Mei zikaja, usiku tone la kwanza likaniangukia shavuni la pili kwenye godoro na asubuhi godoro zima limelowa. Nilipopanda kuangalia ile silikoni ilibanduka yote kama ganda la yai, chini yake vumbi tupu.

Mara ya pili nimefanya na kaka yangu. Tulipiga msasa sehemu ile mpaka bati likang'aa, tukapangusa kwa spiriti, tukangoja jua lilale ndio tukapaka, tukaacha siku nzima bila kugusa. Mvua za masika zimepita mbili, kavu. Pia mwagia ndoo ya maji juu kabla hujashuka ngazi, uvujaji uuone mchana usiungoje usiku.

mwalimu_wa_sayansi

Salaam. Nafundisha fizikia Malindi na hili jambo nalipenda sana kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

Aloanzisha hii alikuwa fundi makanika wa Brazil, Alfredo Moser, mji wa Uberaba, mwaka 2002 wakati kwao stima ikikatika sana. Aliweka chupa za maji na jiki kwenye paa la karakana akaona zatosha kufanyia kazi. Yeye mwenyewe anakadiria chupa moja jua likiwa kali ni sawa na balbu ya wati 40 mpaka 60. Baadaye mwaka 2011 Illac Diaz kule Ufilipino akaanzisha mradi wa Liter of Light na ndio chupa hizi zikaenea dunia nzima kwenye nyumba za mabati. Kwa hiyo dada si maneno tu.

Kwa nini iwe chupa ya maji na si tundu tupu? Ukitoboa tundu jua laingia kama mkuki, doa moja kali sakafuni na pembe zote zabaki giza. Maji yanapinda mwanga. Ukiingia kwenye chupa wagongagonga kuta zake ukishuka, halafu chini watoka pande zote, kwa hiyo kuta na dari zapata na chumba kizima chafunguka. Chupa tupu haifanyi hivyo, ni kama kipande cha kioo tu.

Swali ambalo watu husahau ni jua lapita wapi. Lamu iko digrii 2 na kitu kusini ya mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita lasimama utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Juni lainama upande wa kibla, Disemba lainama upande wa pili. Ukiwa na chupa mbili na paa lako lina mabega mawili, weka moja kila bega, mwaka mzima utakuwa na moja iliyo juani vizuri. Wingu likitanda mwanga wapungua lakini hauishi, magharibi ndio mwisho wake.

Nina maonyo mawili nataka uyashike. La kwanza, USITIE chupa kwenye jiko la makuti. Chupa ya maji ni lenzi, yakusanya jua na karibu na ukingo wake pana sehemu yawaka kweli kweli. Kuti kavu likigusana na chupa wakati wa kaskazi kila kitu kimekauka, na Lamu yetu ilivyobanana, haungui mmoja. Hata kwenye vyumba vya mabati usining'inize nguo wala nailoni karibu na chupa, acha angalau shubiri mbili. La pili ni kwa wengine wanaosoma hapa, ikiwa paa lako ni yale ya asbesto ya kijivu ya zamani usilitoboe kabisa wala usilikate, vumbi lake laingia mapafuni na maradhi yake hayana dawa.

kaka_wa_barani

Mwalimu hapo kwa makuti umesema kweli, mimi nilisahau kabisa kumwambia.

mgeni_muyeye

Kwani yale mabati ya plastiki yapitishayo mwanga si rahisi zaidi? Unabadilisha bati moja kazi imeisha.

kaka_wa_barani

Ni rahisi kuweka ndugu, na kama waezeka upya weka tu. Ila joto. Jua laingia zima zima chumba chawa tanuri saa saba, na ya bei ya chini yageuka manjano. Chupa haileti joto la kusumbua.

fundi_chokaa_amu

Waalaykum salaam mwanangu. Vijana wamekueleza vizuri ya mabati, mimi nataka kusema na wewe habari ya ile nyumba ya mawe kwa sababu nimefanya kazi ya chokaa Amu, yaani hapa Lamu, miaka mingi, Mkomani na huko kwenu Langoni, na kila nikisikia mtu asema nyumba ya mawe ni giza huuliza swali moja. Kiwanda chenu, yaani ule uwa wa ndani ya nyumba, kiko wapi?

Wazee hawakujenga giza. Nyumba ya Amu haikuwa na madirisha makubwa ya njiani, ni kweli, njia ni nyembamba na watu wataka sitara. Mwanga wao ulitoka juu. Waingia dakani, pale penye mlango wa njiani, wapita, wakuta kiwanda kiko wazi mbingu yaonekana, kando yake misana, zile kumbi ndefu zielekeazo kiwanda, halafu vyumba vya ndani. Vyumba vyenyewe vyembamba havizidi mita tatu kwa upana sababu boriti ndio urefu wake huo, lakini ni virefu na vimekipa uso kiwanda. Jua lapiga ukuta wa kiwanda, ukuta mweupe wautupa mwanga msanani, msana wautupa ndani. Ni kama kupokezana ndoo za maji kisimani. Mmoja akiacha mkono wa mwisho hapati kitu.

Sasa watu wamefanya nini. Mmoja amefunika kiwanda kwa mabati apate stoo. Mmoja amepiga ukuta wa kiwanda saruji akauacha kijivu. Mwengine amepaka rangi ya mafuta ya bluu. Ndoo imemwagika njiani halafu walaumu kisima.

Fanya hivi. Nenda ukae PALE PALE akaapo mama, chini, mkekani, si kusimama. Inua macho uangalie waona wapi kipande cha mbingu. Kama huoni popote basi angalia ukuta ambao wenyewe waiona mbingu, huo ndio taa yako, uweke mweupe. Chokaa mpya yarudisha sehemu kubwa ya mwanga ulioipiga, saruji tupu hairudishi hata nusu.

Na iwe chokaa, si rangi ya dukani ya mafuta. Ukuta wa matumbawe wapumua, wavuta unyevu na chumvi kutoka chini, ukiuziba na rangi ya mafuta wavimba na kubanduka vipande vipande. Chokaa iliyolowekwa vizuri, uichuje, iwe nyepesi kama maziwa, ukuta uurashie maji kwanza, upake mkono mwembamba uache ukauke, urudie, mara tatu. Ukipaka nzito mara moja yapasuka. Ikiwa bado mbichi utaona kama haina weupe usifadhaike, ikikauka ndio yafunguka.

Kutoboa ukuta wa mawe usitoboe mwanangu. Boriti zote za ghorofa zimelala juu ya ukuta huo na hujui tundu lako litalegeza nini. Na mji wa kale umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kubadilisha nyumba ya mawe waenda kwanza ofisi ya makumbusho wakupe ruhusa. Kwa kupaka chokaa hakuna atakayekuuliza.

binti_langoni

Ami nimesoma ujumbe wako nikaenda kukaa pale mkekani kwa mama kama ulivyosema. Nimekaa kimya dakika nzima. Sikuona mbingu popote.

Kiwanda tunacho. Ami yangu mkubwa alikifunika mabati zamani kwa sababu ya mvua, nimekua nikikijua kama chumba cha kuwekea nazi na mitungi na baiskeli mbovu, sikuwahi hata kufikiri kwamba kilikuwa wazi. Nimemuuliza mama akasema ee alipoolewa hapa walikuwa wakianika mchele hapo na yeye alifundishwa kushona vito na bibi yangu hapo msanani, wakikaa wawili bega kwa bega. Wala hakuwahi kulisema siku zote hizi.

Kuta zake ni saruji ya kijivu kama ulivyosema. Nifanyeje, niondoe mabati yote? Mvua yaingia ndani na mama hataki.

fundi_chokaa_amu

Usiyaondoe yote. Hapo ndio chupa za hawa vijana zafaa sasa, bati lipo na chini yake ni kiwanda. Au toa bati moja la katikati utie lile la plastiki, pale si chumba cha kulala joto halitamsumbua mtu, na lisipitishe mvua. Mimi ningefanya hilo la bati moja. Halafu toa nazi na hiyo baiskeli, kuta zote nne chokaa, na ukuta wa msana uelekeao kiwanda nao chokaa. Mama arudi akae msanani palepale alipokaa na bibi yako.

mwalimu_wa_sayansi

Naunga mkono. Na dada, mama kama ashona kwa mkono wa kulia mkalishe mwanga umjie kutoka kushoto na mbele kidogo, ukitoka kulia kivuli cha mkono wake mwenyewe chaangukia palepale pa sindano.

ukhti_shela

Mashaallah, tuletee habari usitutupe.

binti_langoni

Nimerudi, wiki tatu zimepita samahani kwa kunyamaza tulikuwa na kazi.

Chumba cha nyuma tumetia chupa mbili kama alivyoelekeza kaka wa Barani, moja kila bega la paa. Msasa, spiriti, jioni, na ndoo ya maji juu, ukhti nimekukumbuka. Ya kwanza meno nilikata marefu mno chupa ikawa yacheza, nikatupa kile kipande nikaanza upya. Ya pili ikakaa sawa. Mtoto wa dada yangu aliingia saa sita akatafuta swichi azime.

Kiwanda tumetoa bati moja tumetia la plastiki, na chokaa tumepaka mara mbili, ya tatu bado. Siku ya kwanza nilivunjika moyo kwa kweli ukuta ulikuwa kama maji ya uji, asubuhi yake nilipofungua mlango nilirudi nyuma hatua moja. Kile kiwanda kina vidaka kwenye ukuta wa msana, vitatu, nilikuwa nikivijua kama mashimo tu ya kutia makopo. Vimechongwa kingo zake, maua madogo madogo, yote yalijaa moshi na vumbi.

Mama amehamisha mkeka wake. Yuko msanani, mwanga wamjia kushoto. Jana ametunga uzi kwenye sindano mara moja bila kuilamba mara nne wala kuniita. Leo kuanzia saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri amemaliza safu mbili, na kwenye safu hizo nimehesabu hakufumua.

Swali la mwisho kwa ami fundi. Vile vidaka nivipake chokaa juu ya yale maua ama ntayaziba? Naogopa kuyaharibu.

fundi_chokaa_amu

Usiyapake kwa brashi hiyo ya ukuta mwanangu, chokaa yajaa kwenye michongo. Kwanza visafishe kwa brashi kavu laini ya mswaki, taratibu, bila maji. Mkono wa tatu usipake nisubiri. Jumamosi nna kazi karibu na hapo kwenu, ntapita baada ya alasiri na brashi yangu ndogo ntakuonyesha kwenye kimoja, viwili utafanya wewe.

binti_langoni

Karibu sana ami. Ngazi ipo, na mama asema chai ya tangawizi na mkate wa sinia vitakungojea.